Mayai Yasiyoandikwa

Ofisini walimwita Bi Ushahidi, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Jina lilianza kwenye mkutano mmoja wa asubuhi. Mkurugenzi alikuwa anasoma taarifa yake kwamba kituo cha kasa kimeokoa viumbe wa bahari kwa maelfu, na maelfu yenyewe yanazidi kila mwaka, ndipo sauti ya mwanamke ikatoka viti vya nyuma: "Ushahidi uko wapi?" Watu wakaangua kicheko wakidhani ni mzaha. Yeye akabaki amekaza macho, kalamu mkononi, akingoja jibu. Jibu halikuja, lakini jina likaja, likamganda.

Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameimaliza kwenye idara ya viumbe wa bahari, akitunza kumbukumbu. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi, jirani na choo ambacho mlango wake haukufungika. Kulikuwa na kabati la chuma ambalo droo ya chini ilifunguka kwa teke, feni iliyogoma kugeuza shingo, na meza yenye mguu mmoja uliotiwa karatasi chini ili isiyumbe. Humo ndimo zilimofikia taarifa zote za pwani: pomboo waliokwama ufukweni, papa walionaswa, viota vya kasa. Watu wa nje walileta makaratasi, wakasaini, wakaondoka. Yeye ndiye aliyeyasoma. Wengi hawakujua kwamba kuna mtu anayeyasoma.

Kituo cha kasa ndicho kilichokuwa mboni ya jicho la mkurugenzi. Kazi yake ilielezeka kwa urahisi: kila asubuhi mhudumu wa kituo alipita ufukweni kwa pikipiki, akitafuta alama za mapezi mchangani. Akiona mahali kasa alipotaga, alifukua mayai, akayatia kwenye ndoo, akayapeleka kituoni, akayafukia upya ndani ya uzio. Baada ya siku hamsini na kitu watoto wa kasa walichomoza, na wageni walialikwa kuwatazama wakikimbilia majini. Picha zilipigwa. Kwenye geti la kituo palikuwa na ubao mkubwa wenye idadi ya watoto wote walioachiliwa tangu kituo kianze, na kila mwaka fundi rangi aliitwa kuibadilisha.

Na mhudumu huyo, mwenye pikipiki na ndoo, alikuwa mdogo wake Bi Ushahidi, tumbo moja. Watu wa pwani walimwita Baba Kasa. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka tisa, na aliipenda kuliko watu wengine wanavyopenda nyumba zao.

Mambo yaliharibika siku Bi Ushahidi alipopewa kazi ya kuandika historia ya kituo kwa ajili ya kijitabu. Alitoa madaftari kumi na moja kabatini, akayapanga mezani, akaanza kuyapitia. Kufikia mchana kichwa kilikuwa kinamuuma. Kila ukurasa uliandikwa tarehe, kiota, watoto walioachiliwa. Tarehe, kiota, watoto walioachiliwa. Hapakuwa na safu ya mayai yaliyofukiwa. Hapakuwa na safu ya yaliyokufa. Tena kulikuwa na viota vilivyopewa namba ya kumi na nne na kumi na sita, lakini cha kumi na tano hakikuonekana popote.

Alipanda gari la idara lililokuwa linapeleka maji kituoni, akamkuta mdogo wake anapalilia majani pembezoni mwa uzio.

"Kiota namba kumi na tano kilienda wapi?" akamuuliza, hata salamu hazijapoa.

"Cha mwaka gani, dada?"

"Cha mwaka wowote. Kila mwaka kuna vinavyorukwa."

Baba Kasa akajikuna kisogo. "Hivyo vilioza. Havikutoa kitu."

"Na mayai yake?"

"Nilitupa. Yananuka, dada, hujawahi kuyanusa wewe."

"Uliyaandika?"

"Nani anaandika takataka?"

Alisema kwa roho safi kabisa, na hilo ndilo lililomkata dada yake maini. Hakuwa mwongo. Hakuna aliyewahi kumwambia ahesabu yaliyokufa. Kwa miaka kumi na moja idara nzima ilikuwa ikihesabu waliotoka hai peke yao, ikapiga makofi, ikaita hayo mafanikio.

Bi Ushahidi aliandika barua kwa mkurugenzi. Alieleza kwamba idadi ya watoto walioachiliwa haisemi kama kituo kinasaidia au kinadhuru. Ili kujua, lazima kujua nini kingetokea kama mayai yasingeguswa. Akaomba ruhusa ya kulinganisha: viota vingine vihamishwe kama kawaida, vingine viachwe palepale vikiwa vimefunikwa wavu wa chuma wa kuzuia mbwa na kenge, vingine viachwe bila chochote.

Barua ilikaa. Akauliza, akaambiwa iko kwa katibu muhtasi. Kwa katibu muhtasi akaambiwa iko kwa mkuu. Akapigwa danadana wiki saba. Mwishowe mkurugenzi akamwita. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabasamu lisilokauka, na alikuwa na kawaida ya kumwita "dada yangu" kila alipotaka kumnyima kitu.

"Dada yangu, kituo hiki kimetupa jina. Wewe unataka kuacha mayai yaliwe na mbwa ili upate jedwali?"

"Mkuu, hatujui kama mbwa wanayala. Walikuwa wanayala miaka ile ya mwanzo. Siku hizi kuna walinzi ufukweni."

"Na kama yataliwa?"

"Basi tutakuwa tumejua, na nitanyamaza."

Pengine ahadi ya kunyamaza ndiyo iliyomshawishi. Akatia saini, kwa sharti kwamba viota visizidi thelathini na wageni wasisumbuliwe.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa kukunjana nyuso. Bi Ushahidi hakukubali mdogo wake achague kiota gani kihamishwe, maana alijua angechagua vile vizuri. Aliweka vifuniko vya soda vya rangi tatu kwenye mfuko wa kitambaa, na kwa kila kiota kilichopatikana, kifuniko kimoja kilichomolewa bila kuangalia. Chekundu, kihamishwe. Kijani, wavu. Cheupe, kiachwe.

"Yaani kasa anapigiwa kura kama diwani," akanung'unika Baba Kasa.

"Chomoa."

"Kiota hiki kiko karibu na maji, dada. Roho inaniuma kukiacha."

"Kifuniko ni cheupe. Kiache."

Watoto walipotoka na siku tatu kupita, kila kiota kilifukuliwa na maganda kuhesabiwa, pamoja na mayai yaliyogoma. Kazi hiyo Bi Ushahidi aliifanya mwenyewe, amepiga magoti mchangani na kitambaa puani, akitenganisha maganda matupu na mayai mazima. Yai la kasa lililooza linapopasuka, harufu yake huingia nguoni na haitoki kwa sabuni ya kwanza wala ya pili. Binti yake alimtengea kiti cha peke yake uani. Mume wake, fundi saa, mtu wa maneno machache, alisema jambo moja tu: kwamba angeshukuru kama utafiti ungekuwa wa maua.

Matokeo yalipopangwa, Bi Ushahidi aliyahesabu mara nne. Katika kila mayai mia yaliyohamishwa, hamsini na moja yalitoa mtoto. Yaliyofunikwa wavu, themanini. Yaliyoachwa bila chochote, na mbwa wao na kenge wao, sitini na tatu.

Maana yake ilikuwa kwamba kutofanya lolote kungekuwa bora kuliko kituo.

Mkurugenzi alilisoma jedwali akiwa amesimama. "Viota thelathini, dada yangu. Kumi kumi. Hivi ni vichache mno kubeba jambo zito hivi."

Kilichomuudhi Bi Ushahidi ni kwamba alikuwa amesema kweli. Vilikuwa vichache, na ni yeye mkurugenzi aliyetaka visizidi hapo. Alishuka ngazi, akaenda kuandika ombi la viota zaidi.

Habari zilimfikia Baba Kasa kabla dada yake hajapata nafasi ya kumweleza. Jumapili walikutana kwa mama yao, na mboga hazijapakuliwa akalipuka.

"Umekwenda kumwambia bosi kwamba mimi naua kasa!"

"Sikusema hivyo."

"Miaka tisa, dada! Naamka kabla ya jogoo. Nimeunguzwa mgongo na jua. Watoto wa shule wananijua kwa jina. Halafu wewe, mtu wa feni na kabati, unakuja na vifuniko vya soda kuniambia bora ningelala!"

"Mimi nimehesabu tu."

"Umehesabu vibaya! Kura yako ilinipa viota vibovu."

Mama yao, mkunga mstaafu, alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. Alikuwa na miaka themanini na mbili na mikono isiyotetemeka. Hakupenda kelele, na aliwaacha mpaka wakachoka.

"Nyie mnagombania kasa au mnagombania jina?" akauliza. "Mimi pale wodini nilikuwa na daftari. Mtoto akizaliwa hai, naandika. Akizaliwa amekufa, naandika. Mwezi mmoja walikufa wanne mfululizo, na mimi ndiye niliyewapokea wote. Mnadhani mkono ulikuwa mwepesi? Lakini kwa sababu niliandika, wakaja watu, wakaona kwamba wote wanne mama zao walicheleweshwa njiani. Wakaleta gari. Nisingeandika, ningebaki naitwa mkunga hodari na watoto wangeendelea kufa."

Baba Kasa alitazama sahani yake. Kisha akamgeukia dada yake, sauti bado ina ukali. "Msimu ujao nahesabu mimi. Wewe kaa ofisini kwako. Nikipata tofauti na yako, utaniomba radhi mbele ya mkurugenzi."

"Vifuniko vya soda vibaki."

"Vibaki. Lakini sikutaki ufukweni."

Bi Ushahidi alikubali shingo upande. Msimu wote wa pili hakutia mguu mchangani. Aliletewa fomu na dereva kila wiki, zimekunjwa mara nne, zina chembe za mchanga, mwandiko wa mdogo wake umelala upande. Safari hii ruhusa ilikuwa ya viota sabini na viwili, ishirini na nne kwa kila kundi. Hakuzifungua fomu. Alikuwa amejiapiza kutozifungua mpaka zikamilike, asije akaanza kutamani matokeo fulani. Zilikaa kwenye ile droo ya teke, naye akapita mbele yake kila siku kama mtu apitaye mbele ya mlango wa mgonjwa.

Siku ya mwisho Baba Kasa alizileta mwenyewe. Alipanda ngazi polepole, akaingia bila kubisha, akakaa kwenye kiti cha mgeni na kofia yake magotini. Bi Ushahidi akamtazama, akajua.

"Umeshajumlisha?" akamuuliza.

"Arobaini na tisa yangu. Sabini na tisa ya wavu. Sitini na moja ya kuachwa." Alisema kama mtu anayesoma hukumu. "Nilihesabu mara mbili kila kiota. Vingine mara tatu. Nilikuwa nataka ukosee, dada."

"Najua."

"Nikaanza kupasua yale yaliyokufa, nione. Mengi yamekufa mapema mno, kitoto kidogo hata macho hakijakamilisha. Nikakumbuka ulivyosema mwaka jana, mimi sikukusikiliza, kwamba yai likishakaa saa chache kitoto kinajishika juu kwenye ganda, na ukiligeuza au ukilitikisa kinakatika." Nje mtu alikuwa anagombana na mlango wa choo. "Ni pikipiki yangu. Ile barabara yote ya makorongo, na ndoo imefungwa nyuma inarukaruka. Nilikuwa naenda haraka ili yasikae juani. Haraka, dada. Miaka tisa."

Bi Ushahidi alikuwa amengoja siku hiyo kwa muda mrefu, na ilipofika hakuona utamu wowote ndani yake. Alitaka kumwambia kwamba hakufundishwa tangu mwanzo, kwamba alipewa ndoo na pikipiki na watu waliopaswa kujua. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini mdogo wake alishainuka, akavaa kofia.

"Peleka juu," alisema. "Ukihitaji saini yangu, natia."

Wakaipeleka taarifa ikiwa na saini mbili. Mkurugenzi hakuweza tena kusema viota ni vichache. Akasema atalifanyia kazi. Mwezi ukapita, taarifa ya mwaka ikachapwa kwa karatasi za kung'aa, na Bi Ushahidi akaifungua mezani kwake. Ukurasa wa sita uliandikwa: "Msimu huu kituo kimeokoa mayai 2,640." Hayo ndiyo yaliyohamishwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba zaidi ya nusu yalikufa. Jedwali lake halikuwemo. Jina lake lilikuwemo, kwenye orodha ya shukrani, chini ya fundi rangi.

Alipanda ngazi mbili mbili.

"Mkuu, hii si kweli."

"Kuna namba gani hapo ya uongo, dada yangu? Mayai mangapi tulihamisha?"

"Tulihamisha. Hatukuokoa."

"Watu wa kawaida hawaoni tofauti."

"Kasa wanaiona!"

Alisikia sauti yake ikigonga ukuta na kurudi. Katibu muhtasi alichungulia mlangoni. Mkurugenzi aliacha kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, na alipofanya hivyo alionekana mtu aliyechoka.

"Nisikilize," alisema. "Wageni wanakuja kuona watoto wa kasa. Wakiwaona, wanatupenda. Wakitupenda, walinzi wanabaki ufukweni. Wewe unataka niwapeleke watu mchangani niwaonyeshe kipande cha wavu? Niwaambie, tazameni, hapa hatufanyi kitu?"

Lilikuwa jibu lenye akili kidogo ndani yake, na hilo lilimpandisha hasira zaidi, maana lisingefutwa kwa jedwali. Alidai kupelekwa mbele ya kamati ya idara. Akapewa dakika tano, baada ya ajenda ya kupaka rangi magari. Wajumbe tisa walimsikiliza huku chai inapoa. Mmoja akauliza kama kasa anang'ata. Mwingine, mzee aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu, alilishika jedwali muda mrefu, akalipitisha kidole mstari kwa mstari, akauliza: "Nani alihesabu msimu wa pili?"

"Mhudumu wa kituo mwenyewe, mzee."

"Akajishtaki?"

"Akaandika alichokiona."

Mzee akatikisa kichwa, akasema kwamba mtu wa namna hiyo si wa kupuuzwa. Kama si mzee huyo, jambo lingeishia hapo. Kamati ikaamua kama kamati zinavyoamua. Ufukwe wa kusini mayai yasiguswe, yafunikwe wavu. Ufukwe wa kaskazini kituo kiendelee, lakini ufukwe upitiwe usiku, mayai yabebwe kwa miguu, yasigeuzwe, na yafukiwe ndani ya saa mbili tangu kutagwa. Daftari liwe na safu ya yaliyokufa. Ubao wa geti ubaki.

Watu walimpongeza Bi Ushahidi kwenye ngazi. Yeye alikuwa anawaza kaskazini. Kwa nini nusu? Kama dawa inamponya mgonjwa, unaupa mguu mmoja tu?

Na hata hapo waandishi wa habari walipokuja mwaka uliofuata, swali lao la kwanza lilikuwa moja: "Je, kasa wameongezeka?" Aliwajibu kwa ukweli, na ukweli haukuwafurahisha. Kasa jike huchukua miaka ishirini, pengine thelathini, kabla ya kurudi kutaga. Watoto waliotoka chini ya wavu wake wangerudi yeye akiwa kikongwe au hayupo. Kilichojulikana ni kwamba mayai mengi zaidi yanatoa watoto. Kinachowapata baharini, hakuna anayehesabu. Mwandishi akafunga kijitabu chake katikati ya sentensi. Kesho yake gazeti lilibeba picha ya mkurugenzi na mtoto wa kasa kiganjani.

Kilichobaki kumchosha kilikuwa wavu. Kila msimu aliomba nyavu mpya za chuma, na kila msimu ombi lilirudishwa kwa sababu fomu ya manunuzi ilikuwa na "vifaa vya kituo" na "vifaa vya ofisi", na wavu wa kufunika mchanga haukuwa hiki wala kile. Aliandika barua tatu. Ya nne aliiacha nusu, akachukua mkoba wake, akapanda gari la maji.

Alimkuta mdogo wake nyuma ya kituo, amechutama na koleo mkononi. Walikuwa hawajarudia hali yao ya zamani. Walisalimiana vizuri, wakacheka kwa mama yao siku za Jumapili, lakini pikipiki haikutajwa. Baba Kasa alikuwa anakata uzio. Robo ya kituo ilikuwa tupu tangu ufukwe wa kusini uondolewe, na wavu wake wa matundu mapana ulikuwa umesimama pale ukizunguka mchanga mtupu. Aliukata vipande vya mraba, akavipanga chini. Vilikuwa vimefika kumi na saba.

"Nani kakupa ruhusa?" Bi Ushahidi akauliza.

"Fomu ina sehemu ya kuomba ruhusa ya kukata uzio?"

"Haina."

"Basi."

Alimtazama akikata waya mmoja, mwingine, mikono inajua inachokifanya. Akaangalia upande wa geti, ambako ubao wa namba ulikuwa unang'aa rangi mpya.

"Ukifika upande wa barabarani mkurugenzi ataona," alisema.

"Ndiyo maana nimeanzia nyuma."

Bi Ushahidi akaweka mkoba chini, akavua viatu, akashika ncha ya waya ili isimrudie mdogo wake usoni.